Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti 2024: mvua, tangi na michango

Wanachama wenzangu wa kikundi chetu cha kilimo cha mboga hapa Njiru, Nairobi, akina mama, wazee na vijana, habari zenu. Naweka taarifa hii hapa kwa gurupu kwa sababu siku ya mkutano mkuu tulifika watu 13 kati ya 46, katiba inataka nusu, na mimi nilikuwa nimekesha nikiiandika. Ilinibidi nirudi nyumbani na makaratasi yangu.

Mambo ya kawaida mnayajua, sitakaa hapo. Tulipanda sukuma, spinachi, managu na kunde, tukauza pale stejini, tukatembelea waliofiwa, ofisa wa kilimo akaja mara mbili. Mikutano ilikuwa 9. Michango ya shilingi 200 kwa mwezi kwa kila mwanachama ilipaswa kuleta 110,400, zikaingia 61,800, deni ni 48,600. Akiba ilikuwa 142,000, tangi ya kuvuna maji ya mvua na kazi yake ikachukua 118,500, zimebaki 23,500.

Sasa tuongee hiyo tangi, najua ndiyo mnangojea.

Wengi wenu mlisema mwenyekiti amekula mgao wa Desemba, yaani ile akiba ya kugawana. Mgao wenyewe ungekuwa kama elfu tatu na kitu kwa kila mtu. Na swali mliloniuliza zaidi ni hili, mbona tununue tangi ya maji mwaka ambao maji karibu yatumalize? Ni swali halali na nitalijibu.

Mnakumbuka Aprili. Mvua ya masika ilikuja kwa nguvu, mto ukavunja kingo, shamba letu la chini lote likaenda na miche 3,000 ya sukuma iliyokuwa tayari kuhamishwa. Mimi ndiye niliyeamka saa tisa usiku kutoa pampu, watu watatu tu walikuja kunisaidia na Mungu awabariki. Shule zilichelewa kufunguliwa nchi nzima, serikali ikaamuru watu wahame kando ya mito. Watu walipoteza jamaa, sisi tulipoteza mboga, kwa hivyo silalamiki kupita kiasi.

Lakini maji yale yote yalienda wapi? Wiki tatu baada ya mvua kukatika, shamba la juu lilikuwa na nyufa unaweza kuingiza mkono. Huu udongo wetu mweusi wa Njiru ukilowa unanata, maji yanasimama juu mizizi inaoza, ukikauka unapasuka kama sahani. Si kama ule mwekundu wa Kabete na Dagoretti, na huko magharibi mvua pia ni nyingi kuliko huku kwetu. Kwa hivyo mwanachama anaponiambia shemeji yake wa Dagoretti halimi na tangi, mimi nasema shemeji yako yuko Nairobi ingine.

Pia masika kuwa kubwa haimaanishi vuli itakuwa kubwa. Hiyo ya Oktoba mpaka Desemba inafuata sana joto la bahari. Bahari ya Hindi ikipata joto upande wetu na El Niño ikiwa huko Pasifiki, yaani maji ya huko yamepata joto kuliko kawaida, tunafurika, kama 1997 na kama mwisho wa 2023. La Niña ikija, yaani maji hayo ya Pasifiki yakipoa, tunakauka, na msisahau tangu mwisho wa 2020 huko kaskazini na mashariki misimu mitano ilifeli mfululizo na mifugo ikaisha. Mwaka huu El Niño ilikuwa imeisha, na utabiri wa vuli ulipotoka ukasema mvua itapungua kuliko kawaida sehemu nyingi za nchi. Niliusoma kwa mkutano wa Septemba. Tulikuwa watu 11. Hao 11 ndio walipiga kura, 9 wakakubali, na hao 9 leo wanatukanwa na watu ambao hawakuja!

Hesabu ni rahisi. Milimita moja ya mvua kwa mita moja mraba ya bati ni lita moja. Banda letu lina mita mraba 80, ikinyesha milimita 20 ni lita 1,600, toa ya kumwagika na ya kuosha bati, tunabaki na kama 1,300. Mvua nane hivi za namna hiyo zinajaza lita 10,000. Sikusema itamaliza kiangazi, nilisema itavusha miche pale mvua inaponyesha siku mbili halafu jua wiki mbili, na Novemba ndivyo ilivyokuwa. Kitalu cha managu kilipona. Mliokula hayo managu mnajua.

Kosa langu nalikubali, ningetuma ujumbe kwa kila mtu kabla ya kulipa fundi. Lakini risiti zote zipo na sikuchukua hata shilingi ya nauli.

Kuhusu mahudhurio, inaniuma. Mtu anakosa mikutano saba halafu anaandika aya tano hapa usiku wa manane. Ofisa wa kilimo alikuja kutufunza kuhusu ule ugonjwa unaounguza majani ya nyanya wakati wa baridi ya Julai, akakuta watu sita, niliona aibu mimi.

Mwaka ujao tunatumai kuacha shamba la chini kwa nyasi ya napier na migomba, vitalu vyote viende juu, na tukijaliwa tuongeze tangi ya pili, labda hata grinihausi, tutaona.

Wenye madeni tafadhali lipeni kabla ya tarehe 31 Januari kwa mweka hazina. Funguo ya mfereji wa tangi iko kwake pia, haiko kwangu kama ilivyosemwa. Anayetaka kupima maji aje Jumamosi saa tatu, kijiti kiko hapo kando ya tangi.