YAH: MICHANGO YANGU YA NSSF ILIYOKATWA LAKINI HAIKUWASILISHWA

Meneja Rasilimali Watu,
Makao Makuu, Dar es Salaam.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtunza ghala katika kampuni yenu. Kila mwezi nakatwa asilimia 10 ya mshahara kwa ajili ya Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF), na kampuni inatakiwa kuongeza asilimia 10 yake. Juzi nilichukua taarifa ya michango yangu NSSF nikailinganisha na hati za mshahara. Kuanzia Machi hadi Septemba 2024, hati zote saba zinaonyesha makato ya shilingi 80,000. Kwenye taarifa ya Mfuko miezi hiyo haipo kabisa. Ikitoka Februari inakuja Oktoba.

Lipo na kosa la pili. Januari 2025 mshahara ulipanda kutoka 800,000 hadi 900,000, na makato yangu yakapanda hadi 90,000. Mfuko hadi leo unapokea 160,000 kwa mwezi badala ya 180,000. Shilingi 10,000 zangu zinakatwa na hazifiki, na 10,000 za kampuni hazitolewi.

Nilipolipeleka suala hili uhasibu, nilijibiwa kuwa mfumo wa mishahara ulikosea, na kwamba nitarudishiwa taslimu 560,000 za ile miezi saba, nisaini, yaishe. Sitasaini. Kwanza, hiyo ni nusu tu, sehemu ya kampuni imeachwa kimya. Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, hata mkinipa mkononi zote 1,120,000 bado mtakuwa mmeninyang'anya miezi. Pensheni ya kila mwezi inataka michango ya miezi isiyopungua 180, na idadi ya miezi ndiyo inayoingia kwenye kikokotoo pamoja na wastani wa mishahara ya miaka mitatu bora.

Mimi nilianza kuchangia nikiwa na miaka 44. Nikifanya kazi bila kukatiza hadi 60, nitafikisha miezi 192, yaani 12 tu ya ziada. Mkiitoa hiyo saba, nabaki na mitano. Hapo sijaugua, sijapunguzwa kazi. Mtu wa uhasibu aliniambia "ni miezi michache tu". Kwake labda. Kwangu ni pensheni ya uzeeni.

Kwa hiyo naomba kampuni iwasilishe NSSF michango ya miezi yote saba, sehemu zote mbili, kila mwezi ukiorodheshwa kwa jina lake na kwa namba yangu sahihi ya uanachama, badala ya kurundikwa kama malipo ya mwezi mmoja. Tofauti ya tangu Januari 2025 nayo ilipwe. Tozo ya ucheleweshaji ibebwe na kampuni, isiguse mshahara wangu. Kisha nipewe nakala ya stakabadhi pamoja na orodha ya michango iliyowasilishwa. Naomba pia mkague hati za wenzangu wa ghalani, maana tunalipwa kwa mfumo huohuo na wengi hawajawahi kuangalia taarifa zao.

Nasubiri majibu ya maandishi ndani ya siku 14. Yasipokuja, nitapeleka nakala ya barua hii na hati zote saba ofisi ya NSSF, wakaguzi wao waje wapitie vitabu vya mishahara.

Wenu mtiifu,
Mtunza ghala

Viambatisho: hati za mshahara, taarifa ya michango.