Kwa sahibu yangu rubani, juu ya kipokezi kinachokatika

Langoni, Lamu

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kaskazi inamalizika lakini joto bado lile lile. Barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nimeona nikujibu kwa urefu kwa sababu jambo lenyewe si la mchezo: wewe unakaa mbele, na nyuma yako wamekaa watu.

Umesema kipokezi chako cha Stratux, kile kinachonasa matangazo ya redio ya ndege zilizo jirani na kuyapeleka kwenye ramani ya iPad, kinakatika: asubuhi ukiondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, ndege za wenzako zinaonekana vizuri kwenye ramani. Ukishatua uwanja wa Manda, ukazima na kuwasha upya, zinapotea, ila alama ya ndege yako mwenyewe inaendelea kutembea. Hapo penye alama kutembea ndipo nilipopata jawabu. iPad yako ni ya kutia laini, na hizo zina GPS yake ndani. Zile za waifai tupu hazina, hutegemea ya kipokezi. Mwenye ya waifai tupu kipokezi kikimkatikia, alama yake huganda na anajua papo hapo. Yako haigandi. Unatazama ramani hai, huoni ndege nyingine, unadhani hakuna mtu angani, kumbe habari zake ndizo hazikufikii. Tafadhali, kabla ya kuiamini ramani, fungua ule ukurasa wa programu ya ramani unaoonyesha vifaa vilivyounganishwa, uhakikishe kipokezi kimo.

Sasa sababu. Kipokezi chako hutoa waifai yake chenyewe, na waifai hiyo haina intaneti. Halafu ni kama mpiga mbiu: kinatangaza tu, hakingoji kuitikiwa, kwa hiyo tableti ikiondoka hakitakulalamikia. Na tableti za siku hizi zinapenda intaneti. Umenieleza kwamba ukifika Manda unawasha hotspoti ya simu ili utume karatasi zako za safari. Tableti inaijua hotspoti hiyo na nywila yake inayo. Ukizima kipokezi wakati abiria wanashuka, tableti inahamia kwenye simu, na ukikiwasha tena yenyewe imeshatulia huko. Simu iko mfukoni mwako, hotspoti inapaa nawe mpaka Malindi.

Basi ingia kwenye mipangilio ya waifai, uizuie tableti kujiunga yenyewe na hotspoti ya simu na waifai ya hoteli unayolala Malindi. Ile ya kipokezi iache ijiunge yenyewe. Mwenzako mwenye Android akiulizwa kama abaki kwenye mtandao usio na intaneti, akubali, na aiambie isimuulize tena. Na kama hotelini ulikuwa umewasha VPN, ile programu inayopitisha habari zako kwa njia ya siri, izime, kwa maana inaweza kuzichepusha habari za kipokezi.

Ikikataa bado, usibahatishe. Tableti ikiwa kwenye waifai ya Stratux, fungua kivinjari uandike 192.168.10.1. Ukurasa wa kipokezi ukifunguka, ukakuonyesha satelaiti na ndege zinazosikika, basi njia ya waifai ni nzima na tatizo liko kwenye programu ya ramani. Tangu toleo la 14 la mfumo wake, la mwaka 2020, iPad huitaka kila programu iombe ruhusa ya kuzungumza na vifaa vya mtandao wa karibu, na mtu akibonyeza kukataa kwa haraka hataulizwa tena. Ruhusa hiyo utaikuta kwenye mipangilio, sehemu ya faragha.

Ukurasa usipofunguka, tazama kwenye mipangilio ya waifai anwani ya mtandao (IP) ambayo tableti imepewa. Ikianza na 169.254, tableti imejipa anwani yenyewe kwa kukosa ya kipokezi. Isahaulishe mtandao huo, ngoja kipokezi kimalize kuwaka, kisha uiunganishe upya. Utaratibu ni huo kila siku: kipokezi kwanza, tableti baadaye, programu mwisho.

Waya wa umeme nao nautilia shaka. Ndani ya kipokezi chako mna kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 3, na hiyo inataka chaja ya amperi 2.5. Waya mwembamba wa kuchajia simu hupunguza umeme njiani, kipokezi kinazimika na kujiwasha bila wewe kujua. Waifai ikipotea kwa wakati mmoja kwenye tableti na kwenye simu ya mwenzako, mshuku waya kabla ya kitu kingine.

Usiiache tableti juani kwenye kioo cha mbele ukingoja abiria wavuke na mashua. iPad imetengenezewa joto lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya ndege iliyofungwa pale Manda saa saba mchana hizo zinapitwa mapema.

Ule ukurasa wa hali ya hewa ulio mtupu usikusumbue. Habari hizo Marekani hurushwa na vituo vya ardhini kwa megahetsi 978; huku kwetu huduma hiyo haipo. Sisi tunasikia ndege kwa megahetsi 1090, tena zile tu zenye chombo cha kutangaza mahali zilipo. Kindege cha zamani kisicho na chombo hicho hutakiona hata kila kitu kikiwa sawa, kwa hiyo macho yako nje na redio yako wazi, kama ulivyofunzwa.

Ukija tena, jaribu yote haya injini ikiwa imezimwa, kisha uvuke upande huu na kipokezi, waya na pawabenki. Nataka niupime waya huo mwenyewe. Dukani nipo mpaka Magharibi, na chakula cha mchana ni kwetu.

Nisalimie mama na watoto.

Nduguyo,
Fundi wa Langoni