Shoka la Baring na miezi mitatu iliyorukwa

Kwa Mhariri,

Makala yenu kuhusu Hali ya Hatari, ile iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 kupambana na Mau Mau, imeruka miezi mitatu, tena ile iliyojaa mambo. Mmetoka kwa gavana Sir Philip Mitchell mkaingia kwa mrithi wake, Sir Evelyn Baring, kana kwamba walipishana mlangoni. Hawakupishana. Mitchell aliondoka Juni 1952. Baring akatua Nairobi mwishoni mwa Septemba.

Shoka lilichangia. Baring alikuwa ameshateuliwa, ila alijikata mkono akiangusha mti kwao Uingereza, ikabidi apone kwanza. Nimefundisha historia miaka mingi, na kisa hiki ndicho kilichowazindua wanafunzi wa dawati la nyuma baada ya githeri ya mchana.

Aliyekaimu ni Henry Potter, Katibu Mkuu wa Serikali. Yalimkuta yote: Kenyatta akihutubia umati wa KAU (chama cha Kenya African Union) Nyeri Julai 26, kisha Kiambu Agosti 24, viapo vya Mau Mau vikienea, walowezi wakidai sheria kali. Agosti Potter aliiandikia London kwamba mambo yameharibika, wakati Mitchell alikuwa ameaga akidai nchi imetulia. Lakini kaimu ni kaimu. Aliyewahi kukaimu ukuu wa shule anajua: barua unatia sahihi wewe, ila kwenye jambo zito utasikia, "Tumngoje mwenyewe."

Na mwenyewe alipofika hakupata hata nafasi ya kufungua masanduku. Chifu Mkuu Waruhiu, aliyekuwa upande wa serikali, aliuawa Oktoba 7. Oktoba 20 Hali ya Hatari ikatangazwa, na usiku wa kuamkia 21 Kenyatta na wenzake wakazolewa. Huyo gavana alikuwa na majuma matatu tu nchini.

Sisemi mkono mzima ungezuia vita; mashamba yalikuwa yameshachukuliwa zamani. Ninachokataa ni kumchora Baring kama mtu aliyeshika kila kitu kwa miaka saba. Maradhi ya amiba aliyoyapata India yalimwandama, na mwaka 1953 akaletewa naibu gavana, Frederick Crawford kutoka Shelisheli, aliyekalia kiti wakati mkubwa wake akiwa kwenye likizo ya matibabu.

Kwa hiyo mkituletea sehemu ya pili, tafadhali mtuambie pia ni amri zipi zilipita mikononi mwa Potter na zipi mikononi mwa Crawford.

Mwalimu mstaafu,
Murang'a