Jibu la swali lako la msibani

Elia ndugu yangu,

Bwana asifiwe, na kwa namna ya kwetu, Tumsifu Yesu Kristo. Hatujambo, mama bado anauguza goti ila kanisani haachi kwenda. Nisamehe kimya cha tangu tuzike. Sikununa. Ni lile swali lako la usiku ule, "Luther alipokuwa anachapisha, ninyi Wakatoliki mlikuwa mmelala?" Watu wakacheka, nami sikuwa na jibu.

Hatukulala, Elia. Wasomi wetu wa Ujerumani walimjibu: Eck aliandika, Emser aliandika, Murner kule Strasbourg alitoa mashairi marefu ya kumkejeli Luther mwaka 1522. Hata Henry VIII wa Uingereza alitetea sakramenti saba mwaka 1521, kabla hajakosana na Papa. Ila aliyeninyima usingizi ni padre mmoja, Johannes Cochlaeus. Mwaka 1529, mjini Leipzig, alitoa kitabu chenye picha ya Luther ana vichwa saba: kimoja kimezingirwa na nyigu, kingine ni Baraba na rungu lake. Alitaka kuonyesha kwamba Luther anajipinga mwenyewe, kwa hiyo akapekua maandishi yake na kuvigombanisha vile vichwa. Kupekua kote kule si kazi ndogo, na naiheshimu. Lakini mnyama wa vichwa saba yumo katika Ufunuo, na kila aliyeiona picha alielewa. Ukishamwita mtu mnyama, atakusikiliza saa ngapi?

Na wanunuzi je? Mtawala George wa Saksonia, Mkatoliki thabiti, alikuwa amepiga marufuku vitabu vya Luther. Mwaka 1524 baraza la mji wa Leipzig likamlilia kwa niaba ya wachapaji: vinavyotafutwa haviruhusiwi, vinavyoruhusiwa vimelundikana, hata bure havichukuliwi. Hata bure! Vingi vya upande wetu vilikuwa vya Kilatini, wakati Luther anamwandikia fundi viatu kwa lugha yake. Emser alipotoa Agano Jipya la Kijerumani mwaka 1527 ili kumsahihisha Luther, sehemu kubwa ilikuwa maneno ya Luther yuleyule.

Narudi kwa Cochlaeus, maana hajaniachia. Mwaka 1525 alikuwa Köln, amekimbia ghasia za Frankfurt. Akawakaribisha wachapaji divai, nao wakaropoka kwamba Agano Jipya la Kiingereza la Tyndale, mtafsiri Mwingereza aliyekuwa amekimbia kwao, liko mitamboni. Akaenda kutoa taarifa kwa wakuu wa mji. Tyndale akakusanya karatasi zake akakimbilia Worms, na mwaka uliofuata kitabu kikatoka hukohuko. Mkimbizi amemkimbiza mkimbizi mwenzake, tena kwa ajili ya Neno la Mungu! Nilifunga kitabu nilichokuwa nasoma nikatoka nje. Ni padre wetu huyu, siwezi kumkana, ila...

Basi niambie: safari ya kwaya ya Leipzig mwezi wa nane bado ipo? Utaweza kuulizia maktabani kama wana ile picha, unihesabie na nyigu? Darasa la kipaimara waliwahi kuwatajia Cochlaeus? Na zile picha za Cranach, mchoraji wa upande wa Luther, za mwaka 1521, Kristo upande huu na Papa upande ule, ninyi mkiziona mnajisikiaje? Na yale maturubai ya msibani, mwenyewe kalipwa?

Wako,
Deo