Hela zimetoka wapi?

Atlanta, Jumapili jioni

Kwako shoga yangu Mwanahawa,

Salamu nyingi, na za watoto pia. Ujumbe wako wa juzi niliusikiliza nikiwa zamu ya usiku, bibi ninayemtunza kalala, nikacheka peke yangu, halafu nikanyamaza. Yaani tangi la maji la zahanati limezinduliwa, mwenyekiti kashukuriwa, mgeni rasmi kashukuriwa, hadi aliyeleta spika kashukuriwa, na nyinyi mliokaanga sambusa miezi minane hakuna aliyewataja! Sasa unasema unataka kurudisha ufunguo wa sanduku la kikoba. Ngoja kwanza nikusimulie nilikokwenda jana.

Nilikwenda Montgomery, Alabama, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari. Mwenzangu wa kazini alitaka kuliona kanisa alilokuwa mchungaji Martin Luther King, lile la matofali la Dexter Avenue, jirani kabisa na jumba la serikali ya jimbo. Tukaliona, tukapiga picha. Ila kilichonikaa moyoni ni kibao cha kumbukumbu mtaa wa Dericote, alikokuwa akiishi mpishi mmoja, Georgia Gilmore.

Mgomo wa mabasi wa Montgomery, Weusi walipoyasusa mabasi yaliyokuwa yakiwabagua, tuliusoma shuleni. Rosa Parks akakataa kumpisha Mzungu kiti, Desemba 1, 1955, akakamatwa. Kisha King anahutubia, kisha haki inapatikana, kengele inalia, tunakwenda mapumziko. Nani alituambia kwamba ule mgomo ulidumu siku 381, na siku zote hizo watu walitakiwa kufika kazini? Wenye teksi Weusi walianza kuwabeba kwa senti 10, sawa na nauli ya basi. Polisi wakaja juu: sheria ya jiji haikuruhusu nauli ya teksi chini ya senti 45. Ikabidi watu wapakiane kwenye magari binafsi, yakafika kama 300, yana vituo vyake na watu wa kuyapanga kama pale stendi kwetu. Makanisa nayo yakanunua magari. Kampuni za bima zikayafutia bima, wakahangaika mpaka bima ikapatikana London. Wewe uliyeolewa na dereva wa daladala unajua gari linavyokula: mafuta, tairi, fundi, kesho tena mafuta. Hela hizo zilitoka wapi?

Hapo ndipo anapoingia Mama Georgia. Alikuwa mpishi na mkunga, na mabasi alishayasusa kivyake kabla hata Rosa Parks hajakamatwa. Siku moja alipanda kwa mlango wa mbele, akalipa, dereva akamwamuru ashuke akaingilie mlango wa nyuma. Kushuka tu, basi likaondoka na nauli yake. Hilo tu lingenitosha mimi kutembea kwa miguu mwaka mzima.

Mgomo ulipoanza aliuza sandwichi za kuku kwenye mkutano wa kanisani. Akawakusanya wanawake wenzake, wapishi na wafanyakazi wa ndani kwa Wazungu, wakaingia jikoni: keki, pai za viazi vitamu, samaki wa kukaanga (na kitimoto, samahani sana). Wakapitisha saluni, kwenye maegesho ya teksi, mlango kwa mlango. Hata Wazungu walinunua. Lakini mwajiri akijua dada wa kazi anauchangia mgomo, kibarua kimeota nyasi. Kwa hiyo aliyejua nani kapika na nani kanunua ni Mama Georgia peke yake. Wakajiita Klabu ya Wasiotoka Popote, ili mtu akiulizwa hela zimetoka wapi ajibu bila kusema uongo: hazijatoka popote.

Jumatatu usiku kwenye mkutano anasimama, anakabidhi hela, anataja kiasi, kanisa zima linashangilia. Upande mwingine wa mji Inez Ricks na wanawake wake wakaanzisha klabu yao, ikawa mashindano ya nani kaleta nyingi wiki hii. Hapo nikakuona wewe na wale kina mama wa Ngamiani kabisa!

Machi 1956 kesi ya King ya kuongoza mgomo iliposikilizwa, Mama Georgia alipanda kizimbani kutoa ushahidi, akalieleza lile basi. Akafukuzwa kazi mgahawani. King akamwambia apikie nyumbani, akamsaidia hela ya kuanzia, na sebule yake ikawa mahali ambapo viongozi walikula na kupanga mambo yao.

Mabasi yalifunguliwa kwa wote Desemba 21, 1956, na kesi iliyoshinda wala haikuwa ya Rosa. Ni ya wanawake wanne, mmoja wao Claudette Colvin, aliyekamatwa Machi 1955 akiwa na miaka 15. Naye tulimsoma wapi?

Usinielewe vibaya, sikwambii ukae kimya. Wale walijificha kwa sababu kutajwa kungewanyima ugali. Nyinyi hamkujificha, mmesahauliwa, na hilo ni jambo jingine. Lisemeni kikaoni, liandikwe kwenye muhtasari, sambusa ngapi na shilingi ngapi. Ila ufunguo usirudishe. Sanduku lina kufuli tatu, na unamjua vizuri anayeusubiri huo wako.

Mama Georgia alifariki Machi 1990. Alikuwa ameandaa kuku na makaroni ya jibini kwa ajili ya watu wa maadhimisho ya miaka 25 ya maandamano ya Selma hadi Montgomery, yale ya Weusi kudai haki ya kupiga kura. Chakula kilekile wakakila waliokuja msibani.

Nitumie bei ya sambusa siku hizi, na umwambie mama nimepata zile dawa zake za macho.

Wako,
Rehema