Pengo la nyaraka si mali ya kila mtu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu imedai kwamba mwandishi wa riwaya za "ingekuwaje", zinazowaza historia ingekwendaje kama jambo moja lingebadilika, na mwanahistoria wa jamii wanafanya kazi moja, kujaza mapengo ya nyaraka. Sikubali. Kubuni wanabuni wote; swali ni nani anayeacha alama pale alipobuni.

Chukua rejesta za parokia za Uingereza, zilizoamriwa mwaka 1538. Mtafiti hunakili kila ubatizo, ndoa na maziko kwenye kadi, kisha huoanisha majina mpaka familia ijengeke. Panapoharibika panajulikana. Aliyehama hutoka kwenye hesabu, kwa hiyo umri wa kuoa unaopatikana ni wa waliobaki kijijini. Mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa haonekani kabisa katika orodha ya ubatizo. Mwanahistoria hulitaja pengo hilo na kulikadiria. Mwandishi wa riwaya hana budi kumpa mtoto yule jina, mama wa kumlilia, na mvua siku ya maziko.

Wasomi nao huuliza "ingekuwaje". Mwaka 1964 mwanahistoria wa uchumi Robert Fogel aliiondoa reli, kwa hesabu tu, katika Marekani ya 1890, akaweka mifereji na mikokoteni, akapata hasara isiyofika asilimia 5 ya pato la taifa. Hesabu imewekwa wazi, apingaye apinge. Lakini (na hapa riwaya inashinda) hesabu hiyo haitakuonyesha watu wasiojua kesho yao.

Mfano mzuri zaidi ni Martin Guerre, mkulima wa Artigat, Ufaransa, ambaye Arnaud du Tilh alijifanya yeye hadi akanyongwa mwaka 1560. Mwanahistoria Natalie Zemon Davis alikuwa mshauri wa filamu ya kisa hicho, akaona haina nafasi ya neno "huenda", ndipo akaandika kitabu, 1983. Hata hivyo, mwaka 1988 mwanahistoria mwenzake Robert Finlay alimshutumu kwamba amemfanya Bertrande, mke wa Martin, kuwa mshirika wa ulaghai kuliko nyaraka zinavyoruhusu. Davis akajibu. Ubishi ule uliwezekana kwa sababu wote wawili walirudi kwenye maandishi yaleyale ya kesi.

Riwaya nyingi za aina hii zina maelezo ya mwandishi mwishoni, yakisema wapi ameiacha historia. Wahakiki wenu wangeanzia kurasa hizo kabla ya kuisifu riwaya kuwa "utafiti".

Msomaji wenu