Niliachwa Uingereza, huku Tanga wananiuliza nilikosa nini

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, Mdigo wa Tanga. Niliolewa hapa hapa, walii akiwa baba mdogo, na kijana wa mtaa wa pili aliyekuwa akiishi Leicester. Nikamfuata kwa viza ya mwenza, ile ya miezi 33, kwa hiyo kukaa kwangu kule kulitegemea ndoa. Nikapata kazi ya kutunza wazee, zamu za usiku, na mshahara wangu ukawa unalipa kodi ya nyumba yetu.

Usiku mmoja nikiwa kazini ikaingia barua pepe ya mahakama: mume wangu ameomba talaka. Hakuwahi kuniita tukazungumza. Tangu Aprili 2022 sheria ya Uingereza haimdai mtu kueleza kosa la mwenzake. Anatamka tu kuwa ndoa imevunjika, zinapita wiki 20, kisha 6, imekwisha. Yeye hata wiki hizo hakuzisubiri. Aliandika kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania wa pale kwamba mimi si mke wake tena na mtu asinikopeshe kwa jina lake. Wakasoma watu niliowapikia pilau ya Idi. Dada mmoja tu, Mungu amjalie, ndiye aliyenipa sehemu ya kulala sebuleni kwake mpaka Uhamiaji wa kule waliponipa siku 60 niondoke.

Sasa niko kwa mama, Ngamiani. Kwetu mke haachwi bila wazee kukaa, na hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza baraza la usuluhishi. Ndiyo maana kila anayekuja kunipa pole anauliza nilikosa nini. Nimeisoma ile hati ya talaka ya Uingereza mara nyingi: majina yetu, tarehe, muhuri. Sababu haimo. Mama mkwe ndiye anayewapa watu sababu. Kwenye misiba na maulidi anasema nilirudishwa kwa kuwa sizai.

Maneno hayo yananiuma lakini hayanilazi njaa. Kuna mzee hapa jirani amepata kiharusi, wanawe wananilipa nimhudumie. Namgeuza kila baada ya saa mbili asitoke vidonda vya mgongo, namnyoosha vidole kimoja kimoja, na juzi ameshika kikombe cha uji mwenyewe. Familia nyingine mbili zimeshaniulizia. Kazi hii naipenda, na naamini mji huu unaihitaji.

Kinachonikwamisha ni talaka ya dini. Hajanitamkia wala kuniandikia. Sheikh mmoja ameniambia kwa kuwa mume mwenyewe ndiye aliyekwenda mahakamani kuomba, talaka imepita na eda nimeshamaliza. Mwingine anasema hati ya serikali ya Kizungu haimfungui mwanamke wa Kiislamu, lazima mume atamke au kadhi aamue. Na amejitokeza mtu wa heshima, mjane mwenye watoto wawili, anataka kuleta posa. Nimemwomba asubiri.

Mama anataka wazee wetu waende ukweni wakaidai talaka, na sababu itajwe mbele ya watu. Mjomba anakataa kabisa: anasema nikidai mimi wataigeuza khului, watake mahari yao, wakati aliyeniacha ni yeye. Anaona niende kwa kadhi moja kwa moja na hati yangu, bila kupita kwa wale watu.

Shangazi, na nyinyi wasomaji mliopitia haya: nianze ukweni au kwa kadhi? Kuna aliyewahi kupeleka hati ya talaka ya nje kwa kadhi ikakubaliwa? Na huyu mtu wa posa, nimweleze yote sasa au nimalize kwanza? Mimi moyo wangu unaelekea kwa kadhi, ila sitaki kumvunjia mama heshima, maana yeye ndiye anayekutana na mama mkwe sokoni kila siku.

Wenu,
Binti wa Ngamiani, Tanga